Daktari, kwa nini sigara iuzwe kibandani na shisha ikatazwe?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mombasa. Sigara sijawahi kuvuta na pombe situmii. Ijumaa na Jumamosi usiku mimi na wenzangu hukaa tukavuta shisha, tukazungumza, tukarudi nyumbani salama. Mwezi uliopita polisi waliingia mahali tunapokaa. Sisi wateja tulitokea mlango wa nyuma. Aliyekamatwa ni mdogo wangu, ambaye kazi yake pale ni kuwasha makaa, na akalala ndani siku mbili. Sasa nauliza: ni kweli shisha moja ni sawa na sigara mia? Yale maji hayachuji sumu? Na mimi ni mtu mzima, kifua ni changu, pesa ni zangu. Serikali inaniingilia kwa haki gani, na sigara iko kwenye kila kibanda?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyomkuta mdogo wako. Umeuliza maswali matatu na yote ni ya haki. Kuna la nne ambalo hukuliuliza, ila limo ndani ya barua yako, na ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu. Nitalifikia.

Hiyo kauli ya sigara mia ina asili yake. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka kuhusu shisha, na humo walihesabu hivi: mvuta sigara huvuta mikupuo 8 hadi 12, kila mkupuo ukiwa na moshi wa mililita 40 hadi 75, na baada ya dakika 5 hadi 7 sigara imekwisha. Jumla ni kama nusu lita ya moshi. Mvuta shisha hukaa dakika 20 hadi 80, huvuta mara 50 hadi 200, na mkupuo wake mmoja huanzia mililita 150 na unaweza kufika lita nzima. Piga hesabu mwenyewe utaona mia inavyopatikana, na hata kupita. Lakini hiyo ni hesabu ya wingi wa moshi. Si hesabu ya sumu iliyomo ndani ya moshi. Waliokuja baadaye walikata maneno ya katikati wakabaki na "shisha moja, sigara mia", na mimi siipendi kauli hiyo, kwa sababu kijana akiambiwa amevuta sigara mia usiku mmoja, halafu asubuhi akaamka mzima akanywa chai na mahamri, hatamsikiliza tena daktari kwa lolote.

Hesabu iliyo nzuri zaidi ilitolewa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, waliokusanya tafiti zilizokwisha kufanywa na kuzijumlisha. Walipolinganisha kikao kimoja cha shisha na sigara moja, walipata moshi mara 125, lami, yaani ule utomvu mweusi wa moshi wa tumbaku, mara 25, kaboni monoksidi mara 10 na nikotini mara mbili na nusu. Sasa chukua vikao vyako viwili vya wikendi. Kwa makadirio hayo, kila wiki unaingiza nikotini kama ya sigara 5, kaboni monoksidi kama ya sigara 20 na lami kama ya sigara 50. Mtu anayemaliza pakiti kila siku bado amekupita kwa vyote vitatu, na sitakudanganya kwamba wewe na yeye mko sawa. Ila unaposema hujawahi kuvuta sigara, mapafu yako hayana habari hiyo.

Maji sasa. Inasimuliwa kwamba tabibu mmoja wa baraza la mfalme Akbar huko India, Abul-Fath Gilani, ndiye aliyeshauri katika karne ya 16 kwamba moshi wa tumbaku upitishwe majini ili usafike. Dhana hiyo imekaa mpaka leo. Kinachotokea majini hasa ni kwamba moshi unapoa. Sehemu ya nikotini hubaki mle, na hilo watu hulisifu, lakini matokeo yake ni kwamba mvutaji huendelea kuvuta mpaka mwili upate kiasi ulichokizoea. Lami nyingi hupita ikiwa imefungwa ndani ya mapovu. Kaboni monoksidi haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Inapita kama ilivyoingia.

Na huko kupoa ndiko kwenye hatari. Mtu anayevuta sigara kwa mara ya kwanza hukohoa mpaka machozi yakamtoka. Kikohozi kile ni bawabu, amesimama mlangoni anazuia. Moshi uliopozwa na maji, wenye unyevu na ladha ya tufaha au mnanaa, humpita bawabu bila kubisha hodi, ukashuka hadi chini kabisa ya mapafu. Ndiyo maana kijana ambaye hawezi kumaliza sigara moja anaweza kukaa na mrija saa nzima.

Wazee wetu husema shisha si kitu kigeni pwani, na wanasema kweli. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zimekitaja kiko na viungo vyake vyote: bori, ambamo tumbaku hutiwa, digali, ambamo moshi huteremkia majini, kiko chenyewe chenye maji, shilamu, panapowekwa mdomo, na mlio wa yale maji mtu akivuta ukiitwa malio ya kiko. Lugha haitoi jina la mlio kama huo ila watu wake wamekaa na kitu hicho usiku na mchana. Lakini kilichokuwa ndani ya bori si hiki mnachovuta. Mnachovuta ni maasel, neno la Kiarabu lililotoka kwenye asal, ambayo ni asali yetu. Ni tumbaku iliyolowekwa katika shira au asali, ikatiwa gliserini na ladha za matunda. Miaka ya 1990 ilianza kuuzwa kwa wingi kutoka Misri na nchi za jirani, imefungwa vizuri kwenye pakiti zenye picha za matunda, na hapo ndipo shisha ilipowatoka wazee wa mikahawani ikawaingia wanafunzi wa vyuo. Anayesema anatetea mila ajue mila yenyewe ilibadilishwa dukani.

Nije kwenye makaa, maana hapa ndipo mtu anapoweza kupoteza maisha usiku mmoja, bila kungoja saratani ya miaka thelathini.

Hakuna mama asiyejua kwamba jiko la mkaa haliachwi linawaka chumbani watu wakalala milango imefungwa. Baridi ikiingia huko bara, tunasikia habari za familia iliyolala isiamke. Makaa ni yale yale. Tofauti ni kwamba ya jiko unayakalia mbali, na ya shisha unayanyonya kwa mrija. Katika vipimo vya maabara, karibu asilimia 90 ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye shisha ilitokana na makaa, si tumbaku. Ni kweli, kama wanavyosema watetezi wake, kwamba tumbaku ya shisha haiungui kwa joto kali kama ncha ya sigara. Makaa yaliyo juu yake yanaungua. Kwa hiyo ile shisha ya mitishamba mnayoambiwa haina tumbaku imeondoa nikotini tu. Gesi imebaki pale pale.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu hushikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni, na huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe inavyoweza. Fikiria matatu iliyojaa abiria wasioteremka. Gari linapita kila kituo, watu wanalipungia mkono, na hakuna anayepata nafasi. Ubongo na moyo ndio walio kituoni.

Nakumbuka msichana mmoja wa miaka ishirini na kitu, aliyeletwa na rafiki zake saa saba usiku, amezimia akazinduka, anatapika, anashika kichwa. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kilisoma 99. Daktari kijana aliyekuwa zamu akaandika kwamba oksijeni iko sawa, huenda presha imeshuka, aongezewe maji. Hakufanya uzembe, kifaa kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii, na zote mbili huonekana nyekundu. Mimi niliinama kumsikiliza kifua, nikasikia nywele zake zinanukia tufaha.

Nikawauliza wenzake walikuwa wapi. Wakatazamana. Mmoja akasema mkahawani, walikula chipsi. Ilipita robo saa nzima kabla ya mwingine, analia, kusema ukweli: ilikuwa siku ya kuzaliwa, watu tisa ndani ya chumba kimoja, shisha tatu zinawaka, madirisha yamefungwa na mapazia yameteremshwa ili majirani wasipige simu polisi, na kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile. Tukamvalisha barakoa ya oksijeni na tukachukua damu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, gesi hii hupungua kwa nusu baada ya kama saa nne hadi sita. Akipewa oksijeni safi, hufika nusu ndani ya saa moja au moja na nusu. Kila dakika tuliyodanganywa ilikuwa ya kwake yeye. Alipopata nafuu jambo la kwanza aliloniomba ni kwamba baba yake asijue.

Sitaki kukaa sana kwenye orodha ya maradhi mengine, kwa kuwa mengi ni yale yale ya tumbaku unayoyajua: saratani ya mapafu na ya mdomo, moyo, fizi, watoto wanaozaliwa na uzito mdogo mama akivuta. Kupokezana mrija nako kunapitisha malengelenge ya mdomoni, na kunaweza kupitisha kifua kikuu. Kile kipande cha plastiki mnachobadilishana kinakinga midomo, mrija na maji ni vya wote. Na jambo moja linalohusu uhuru unaoutaja: nikotini kiasi hicho inatosha kabisa kumfunga mtu. Jaribu mwezi mmoja wa wikendi bila shisha, huku mnakaa na wenzako pale pale, uone kama ni wewe unayeamua.

Robo saa ile ya uongo hospitalini ndiyo inayonizuia kuisifu marufuku kwa moyo wangu wote. Basi tuingie kwenye sheria.

"Kifua ni changu." Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kujichagulia hata yenye madhara. Anayekula viazi karai na soda kila siku anajiharibia, na hatumtumii polisi. Katiba ya Kenya, ibara ya 24, inasema wazi kwamba haki haiwekewi mipaka ila kwa sheria, na kwa kiwango kinachokubalika katika jamii huru. Kama shisha ingekuwa wewe peke yako barazani kwenu, upepo wa bahari unapuliza, ningekushauri kama mzazi, ningekuonyesha hesabu zile za juu, na ningekuachia uamuzi.

Lakini hukai barazani peke yako. Swali la nne, ambalo hukuliuliza, ni hili: kifua cha mdogo wako ni cha nani?

Tazama kazi yake kwa karibu. Yeye ndiye anayekaa nyuma na karai la makaa, anayapuliza mpaka yawe mekundu. Yeye ndiye anayetia maasel, anafunga foili, anaitoboa, kisha kabla hajawaletea ninyi lazima avute mwenyewe mara kadhaa ili moshi upande, maana mteja hataki chombo kisichotoa moshi. Kila baada ya muda anainama na koleo juu ya kichwa cha shisha, uso wake sentimita chache juu ya makaa, anayabadilisha. Halafu anarudi nyuma, anaanza tena meza nyingine. Wewe unahudhuria vikao viwili kwa wiki. Yeye yumo katika vikao vya watu wote, kila usiku aliopo kazini, na hakuchagua ladha wala hakununua chochote, alitafuta kibarua. Watafiti wa New York waliwapima wafanyakazi wa baa za shisha kabla na baada ya zamu, wakakuta kaboni monoksidi katika pumzi zao imepanda sana. Na mdogo wako ndiye anayewasha makaa.

Uhuru wako una mwisho, na mwisho wake ni mlango wa kile chumba, kwa sababu ndani yake kuna mtu anayepumua kwa ajili ya mshahara. Ibara ya 42 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na sioni kwa nini mwasha makaa asiwe mtu.

Na sasa angalia sheria ilivyomfanyia. Kanuni zilizotungwa kulinda pumzi za watu zilimkuta aliye na pumzi mbaya kuliko wote mle ndani, zikamweka rumande. Mmiliki hayumo katika barua yako. Mwagizaji wa maasel hayumo. Ninyi mlitokea nyuma. Hili linaniuma, na ningependa likuume pia.

Kanuni zenyewe zilitangazwa Desemba 2017, Cleopa Mailu akiwa Waziri wa Afya, chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Zilikataza kuingiza, kutengeneza, kuuza, kutangaza na kuvuta shisha, adhabu ikiwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wafanyabiashara walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 jaji aliikubali marufuku lakini akaona kwamba utaratibu wa kuzipeleka kanuni Bungeni haukufuatwa; akampa waziri miezi tisa arekebishe. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, huko huko kwenu, iliwaachia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, kwa hoja kwamba marekebisho yale hayakufanywa na kwa hiyo marufuku haina nguvu. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nayo ikasema marufuku ingalipo. Raia wa kawaida afuate lipi? Askari anayejua kwamba sheria ina shaka hamkamati mwenye wakili. Anamkamata mwenye koleo.

Jirani zetu walipita njia tofauti. Tanzania ilianza na tamko: mwaka 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, aliipiga marufuku, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaunga mkono. Rwanda ilikataza Desemba 2017 kwa tangazo la Wizara ya Afya. Uganda walifanya kazi ngumu zaidi, nami naona ndio waliofanya vizuri: walitunga Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, ikaanza kutumika Mei 2016, na haikuilenga shisha peke yake. Ilikataza shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku zenye ladha, na wakati huo huo ikaisukuma sigara ya kawaida mbali na maeneo ya umma. Kampuni kubwa ya sigara, BAT Uganda, ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, na mwaka 2019 ikashindwa. Sheria iliyopita Bungeni na ikapita mahakamani inaweza kumtazama mtu machoni. Tamko haliwezi.

Unauliza kwa nini sigara imeachwa. Wataalamu wana sababu moja ambayo naikubali: ni rahisi kuzuia kitu kabla hakijaota mizizi kuliko kuking'oa. Singapore walisema hivyo hivyo walipoikataza shisha Novemba 2014, wakawapa wafanyabiashara waliokuwa na leseni hadi katikati ya 2016 wamalize. Sababu ya pili haisemwi kwa sauti. Sigara ina kodi, ina kampuni zenye mawakili, ina wakulima Migori kwenu na Tabora kwa Watanzania. Shisha ilikuwa na waagizaji wachache na vijana wa koleo. Ukiniambia huo ni ubaguzi, sina la kukubishia.

Ila usikimbilie kuomba usawa kabla hujajua unachoomba. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya 2007 imekataza kuvuta ndani ya maeneo ya umma yaliyofungwa isipokuwa sehemu zilizotengwa, imekataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na imekataza hata kuuza sigara moja moja. Kile kibanda unachokitaja kinavunja sheria kila siku na hakuna anayekigusa. Shisha ikitendewa sawa na sigara, kwa sheria inayofuatwa, kumbi zile za ndani zenye mapazia na makochi zitafungwa zote. Usawa wa kweli haukurudishii Ijumaa yako.

Kuhusu dawa za kulevya, kwamba shisha huchanganywa na bangi au heroini: serikali zetu ziliitumia sana hoja hii miaka ya 2016 na 2017. Bangi na heroini zina sheria zake, kali kuliko ya shisha. Kuipitisha hoja ya afya kwenye mlango huo kulifanya vijana waamini kwamba shisha isiyochanganywa haina neno, na hapo sisi madaktari tulipoteza miaka.

Mimi nataka nini, basi? Nisingependa tufike walikofika Bhutan, nchi ndogo ya Asia. Wao walikataza kuuza tumbaku yote mwaka 2004, wakaongeza sheria kali 2010, na mwaka 2011 mtawa mmoja alihukumiwa miaka mitatu jela kwa tumbaku ya kutafuna ya pesa kidogo sana. Magendo hayakukoma, na wakati wa korona walilegeza wenyewe. Ningependa Bunge la Kenya lichukue njia ya Uganda: sheria moja kwa tumbaku zote, ladha za matunda ziondolewe kabisa, moshi na makaa visiwe ndani ya chumba chochote anamofanya kazi mtu, na adhabu iende kwa mwenye leseni na mwenye mzigo bandarini. Mvutaji aachwe na daktari wake. Mwasha makaa asishtakiwe kamwe; yeye ni shahidi, na ndiye aliyeumia. Na polisi wakiitwa kwa mtu aliyezimia, pasiwe na kesi usiku ule, ili robo saa kama ile isirudie.

Hayo ni ya Bunge. Yako ni haya. Mkiendelea kuvuta, msivute ndani, hata kama dirisha moja liko wazi. Kiyoyozi si dirisha. Mwenzenu akilalamika kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu au kichefuchefu, msimpe soda wala msimlaze. Mtoeni nje kwenye hewa mara moja, mpelekeni hospitali, na mseme neno "shisha" mlangoni kabla ya jina lake. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasikae kabisa pale.

Na mdogo wako muulize leo kama kichwa humuuma akitoka kazini. Nadhani atakwambia ndiyo, na kwamba ni kelele za muziki na kukesha. Mpeleke kliniki ya kifua. Hospitali nyingine zina kifaa cha kupuliza, mfano wa kile cha Alcoblow wanachotumia polisi wa barabarani, kinachosoma kaboni monoksidi ndani ya pumzi. Pasipo na kifaa, waombe wapime ya kwenye damu. Apimwe mara mbili: mara moja jioni kabla ya kuingia zamu, na mara ya pili alfajiri akitoka. Hiyo ya alfajiri aende moja kwa moja toka kazini, asipitie nyumbani kulala, maana akilala mpaka saa sita mchana nusu ya gesi itakuwa imeshatoka na karatasi itasema hana kitu.